Kachumbari ya maembe isiyojaa maji
Dada, umeuliza kwa nini salsa yako ya maembe, yaani kachumbari ya matunda, hujaa maji kabla wageni hawajafika mezani. Chumvi ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye matunda, hivyo itie pamoja na ndimu dakika 10 tu kabla ya kupakua. Hapa Moshi mimi huchagua maembe yaliyoanza kuiva lakini bado magumu, ambayo hukatika vipande vidogo bila kupondeka, kisha huyachanganya na kitunguu kilichooshwa kwa maji ya chumvi na kukamuliwa, pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu, na majani ya giligilani. Parachichi, ambalo kwetu halikosekani, liingie mwisho kabisa. Nyanya siziweki, ingawa najua wengi watanipinga.