Boksi la kupunguza uzito na biskuti za saa nne usiku

"Shangazi, kwa miezi minne nimekuwa nikila ile milo ya kupunguza uzito inayouzwa imegandishwa, mchana na usiku. Mwanzoni nilipungua, sasa mizani haisogei. Usiku njaa inanishika navamia biskuti. Nikipika mwenyewe ndiyo nanenepa kabisa. Niendelee na maboksi au niache? – Mchovu wa Maboksi"

Mwanangu Mchovu,

Geuza boksi usome lebo ya nyuma. Ya mbele ni biashara. Mengi yana kalori 250 hadi 350, protini gramu 15 hivi na nyuzinyuzi kiduchu. Hicho ni kitafunio kilichovalishwa nguo za mlo. Saa mbili tatu baadaye umeshaanza kuzunguka kabatini, na biskuti sita zinatosha kufikia kalori za boksi zima. Kwa hiyo unakula chakula cha usiku mara mbili, ila cha pili hukihesabu.

Tazama na sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 600 ni gramu 1.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, na maboksi mawili tayari yamekula 3.

Kunenepa ukipika, mimi nashuku mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa humwaga vitatu au vinne bila kujua. Pima mafuta kwa kijiko hata kama hupimi kingine chochote.

Basi friza ibaki, ila ijaze mwenyewe. Kwa sahani nne: kidari cha kuku kisicho na ngozi gramu 600, maharage yaliyochemshwa gramu 400, karoti na mboga nyingine gramu 600, nyanya, kitunguu, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai. Ndimu weka mwishoni, ndiyo inayofanya chumvi kidogo itoshe. Kila sahani ipate na wali gramu 100. Utapata kalori 500 na ushee, na protini zaidi ya maradufu ya boksi.

Wengi huharibu kwenye kupoza. Sufuria nzima ikiachwa mezani hadi asubuhi, bakteria wa kwenye wali hutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Gawa chakula kingali moto kwenye vyombo vya kina cha sentimita 5, kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, wali mapema zaidi, kisha friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchuzi uachie nafasi ya sentimita 2 juu, la sivyo ukiganda utasukuma kifuniko. Viazi usigandishe, hutoka vina majimaji. Michuzi ya maziwa hukatika. Andika tarehe, ule ndani ya miezi mitatu. Ukipasha kwa maikrowevu, simamisha ukoroge, maana kingo huchemka huku katikati pangali barafu.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, mweleze daktari wako kabla ya kubadili milo.

Maboksi mawili yaweke akiba kwa siku utakazorudi umechoka hoi. Siku hiyo ongeza mayai mawili ya kuchemsha na bakuli la mboga, ule vyote kwa pamoja, kabla ya saa ya biskuti.