Bastola Kwenye Maegesho ya Kazini: Jibu kwa Shemeji

Shemeji, swali ulilouliza Jumapili, kama ni kweli kwamba huku Texas watu huenda kazini na bastola ndani ya magari yao na bosi hana la kuwafanya, nililipitisha kwa mzaha kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza. Sasa nakujibu kwa maandishi, maana mdogo wako anajiandaa kuja kusoma, na ni afadhali ayajue haya kabla hajapanda ndege.

Ni kweli, tena ni sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2011, mwajiri wa jimbo hili haruhusiwi kumzuia mfanyakazi anayemiliki silaha kihalali kuiacha ndani ya gari lake binafsi, lililofungwa, kwenye maegesho ya wafanyakazi. Mlangoni mambo hubadilika. Kwenye mlango wa ghala ninalofanyia kazi limebandikwa bango la Kiingereza na Kihispania, lenye namba 30.06 ya kifungu cha sheria, linalokataza kuingia ndani na bastola. Bosi, basi, anatawala kuanzia kwenye mlango ule kuingia ndani. Kilichomo garini mwangu, hata kama gari limesimama juu ya lami yake, hakimhusu. Gari la kampuni halimo katika ruhusa hiyo, na baadhi ya sehemu za kazi, kama shule na viwanda vinavyotunza vitu vya kulipuka, zina masharti yake.

Usidhani Wamarekani wote wanakubaliana katika hili. Mwaka 2002, kampuni ya Weyerhaeuser iliwafukuza kazi watu kadhaa wa kiwanda chake cha karatasi huko Valliant, Oklahoma, baada ya magari yao kupekuliwa na silaha kukutwa ndani. Wengi huko ni wawindaji, na bunduki kukaa garini kwao ni kama panga kukaa kwenye baiskeli ya mkulima wa kwetu. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuwalinda mwaka 2004. Makampuni yakaenda mahakamani, yakidai kwamba sheria hiyo inapingana na wajibu wao wa kitaifa wa kulinda usalama kazini. Mwaka 2007 yakashinda, lakini mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Florida na Georgia zilikuwa zimekwisha kutunga sheria zao mwaka 2008, na leo majimbo yenye sheria za namna hii yamezidi 20. California na New York hazimo. Mimi, ukiniuliza, makampuni yalikuwa na hoja: anayeambiwa alinde watu wake hawezi kuambiwa papo hapo afumbe macho kuhusu kilichomo mita 50 kutoka mlangoni. Lakini sikuulizwa.

Jinsi tunavyoishi nayo ndilo jambo usilolipata kwenye vitabu vya sheria. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu wa zamu ya usiku, mzee mmoja mpole anayeniletea mahindi ya shambani kwake, alinipa funguo nimchukulie chaja ya simu garini. Nilipofungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria nikaikuta chaja imejiviringisha juu ya bastola nyeusi, pamoja na risiti za mafuta na pakiti ya bazoka za kutafuna. Nilifunga kile kisanduku taratibu kama niliyefumania nyoka, nikarudi nikamwambia sikuiona chaja. Alicheka, akaifuata mwenyewe. Hakuwa na ubaya wowote. Hurudi nyumbani saa kumi alfajiri kupitia barabara isiyo na taa. Lakini tangu usiku ule sibishani na mtu kazini hadi mwisho, na nimeshuhudia kwamba mtu akiachishwa kazi, mlinzi humsindikiza mpaka kwenye gari lake, akasimama pale hadi limetoka getini.

Sasa sikiliza kuhusu mdogo wako. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, hata ya masomo, kuwa na silaha au risasi, ukiacha vighairi vichache kama vile vya mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu si kama yeye. Vijana wetu hawalijui hilo. Wanaona kila mtu anayo, wanadhani ruhusa ni ya wote. Asikubali kumtunzia mtu bastola hata kwa saa moja, na akiazimwa gari aulize kwanza kuna nini ndani, bila haya, kabla hajawasha injini. Huku swali hilo halimuudhi mtu. Yule mzee wangu, tangu siku ile ya chaja, kila anaponipa lifti husema mwenyewe kabla sijafunga mkanda: "Iko chini ya kiti changu, usishtuke."