Sisplatini haiui seli kama sumu ya panya
Hapana mkuu, sisplatini, hii dawa ya kansa, haiyeyushi seli ya kansa kama asidi ulivyosema, inachofanya ni kung'ang'ania DNA na kuifunga mafundo, halafu kifo chenyewe mara nyingi seli inajiamulia. Kuna protini za ulinzi, ATM na ATR, hizi ndo zinagundua DNA imeharibika na kupeleka taarifa kwa p53, protini inayoamua seli isubiri irekebishwe au ife. Kawaida p53 huwa kidogo sana maana protini nyingine, MDM2, inaipeleka kuvunjwa muda wote, ila taarifa ikifika haivunjwi tena, inajaa, inawasha protini p21 ili seli isigawanyike kwanza DNA irekebishwe, na uharibifu ukizidi inaamsha protini za kuua seli, PUMA na BAX, hapo seli inajiua. Nimefanya kazi maabara ya seli, ukipima unaiona kabisa p53 inavyopanda ndani ya masaa machache baada ya dawa, inapendeza sana kuiona. Ila karibu nusu ya kansa zina p53 mbovu, ndo moja ya sababu dawa ileile kwa mgonjwa mmoja inafanya kazi vizuri na kwa mwingine inagoma.