Impasse: yamekwama, hayajavunjika

Miaka kadhaa nyuma nilipewa barua ya kurasa mbili niitafsiri. Mwajiri alikuwa akiwaandikia wafanyakazi wake kuhusu nyongeza ya mishahara, na katikati alisema pande mbili zime-“reached an impasse”. Sikufikiri mara mbili, nikaandika: mazungumzo yamevunjika. Saa mbili asubuhi barua ikabandikwa ubaoni. Saa nne napigiwa simu na mtu wa chama cha wafanyakazi. “Ndugu yangu, nani kakwambia yamevunjika? Si kesho tunakutana?” Nyuma yake nasikia makelele, watu wameshaanza kukusanyika getini.

Kosa lilikuwa langu. Impasse ni neno la Kifaransa, maana yake njia isiyotokea, na mitaa ya namna hiyo mjini Paris ina vibao vilivyoandikwa hivyo mpaka leo. Ukiingia kichochoro cha Mji Mkongwe ukakuta ukuta mbele yako, hujagombana na mtu. Hapo hapapitiki tu. Unarudi, unatafuta kona nyingine.

Kwa hiyo siku hizi naandika “yamekwama”. Wakenya watakumbuka Februari 2008, kwenye mazungumzo ya kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi. Tarehe 26 mpatanishi, Kofi Annan, alisimamisha vikao vya timu za wajumbe wa pande mbili, akaenda kuzungumza na Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wenyewe, Kikwete, Rais wa Tanzania wakati huo, naye akaja kusaidia. Tarehe 28 mkataba ukatiwa saini. Aliyeandika tarehe 26 kwamba yamevunjika alikuwa na siku mbili tu za kujuta.

Jihadhari na “mgogoro” pia. Mgogoro ni ule ugomvi wenyewe, na unaweza kuwa na mgogoro usio na mkwamo wowote, kila siku mnapiga hatua huku mnatukanana. “Mpasuko” ndiyo mtego mbaya zaidi kwa sababu sauti inafanana na impasse (nimewahi kuukuta kwenye kazi ya mwenzangu, nikacheka, kisha nikakumbuka barua yangu). Mpasuko ni watu kugawanyika.

Stalemate nayo ni habari nyingine. Imetoka kwenye sataranji: zamu ni yako, mfalme wako hajashambuliwa, lakini huna kete ya kusogeza bila kuvunja sheria. Mchezo unaishia hapo, sare. Mtaani tungesema ngoma droo. Impasse haina mwisho wa namna hiyo, ndiyo maana Waingereza husema “break the impasse”. Sisi hatuhitaji maneno mawili: kilichokwama hukwamuliwa.

Ushauri wangu mwingine ni mdogo: usiishie kwenye “yamekwama”, uliza yamekwamia wapi. Barua ya pili niliiandika jioni ile ile, bila malipo. Ilisema mazungumzo yamekwama kwenye posho ya usafiri, mengine yote yamekubaliwa, na kikao ni kesho saa tatu.