Mzazi, mtoto akiwa na mpira usimpigie kelele abutue

Wazee wenzangu wa Mwanza, tukubaliane jambo moja kwanza. Mpira tuliocheza sisi haupo tena, na ukimkazania kijana wako acheze ule wa kwetu unamkosesha namba. Nasema hivi nikiwa beki wa kushoto mstaafu wa ndondo, mechi za mashindano ya mtaani, ambaye jioni niko na watoto wa mtaani kwetu Mabatini. Kero yangu kubwa si watoto. Ni baba zao na wajomba zao pembeni ya uwanja: "Butua! Toa hapo! Unachezea golini kwako?"

Ndiyo, anachezea golini kwake. Ndivyo unavyochezwa siku hizi.

Enzi zetu beki akibanwa alikuwa na njia mbili: apige mbele kokote, au amrudishie kipa, kipa adake, audundishe, muda uende. Timu ikishaongoza bao moja, kilichobaki ni kuchoshana. Kombe la Dunia la 1990 kule Italia lilidorora, mabao machache, mpira unarudishwa nyuma kila saa. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa: beki akimpasia kipa kwa mguu, kipa haruhusiwi kudaka. Mwaka 2019 ikaja nyingine, goli kiki ikaruhusiwa kupokelewa ndani ya eneo la penalti. Kwa macho yangu, hizo mbili zimebadili kazi ya kipa na mabeki kuliko kitu kingine chochote. Kipa asiyejua kutumia miguu, hata awe hodari wa kudaka penalti, makocha wa leo wanasita kumchukua.

Kwa hiyo kwangu kipa hakai golini kungoja mashuti tu. Namwingiza kwenye duara: watano wanapasiana, wawili katikati wanawinda, kila mtu mguso mmoja au miwili. Mwanzoni inachekesha, mpira unamgonga ugokoni unatoka nje na wenzake wanamzomea. Ukitaka kujua kama anaendelea, usitazame pasi. Tazama mwili wake kabla mpira haujafika. Akipokea huku kifua kimeelekea golini kwake, ameshanaswa. Akisimama kiubavu, mguu wa mbali ndio unaotuliza, tayari ameuona uwanja mzima na ana pa kupeleka. Kama lazima upige kelele, mpigie hiyo: "Geuza mwili!"

Tusionewe lakini, tulibutua kwa sababu. Mji huu umekaa juu ya mawe, na viwanja vyetu vya changarawe vilikuwa na miteremko. Pasi ya chini ilikwenda inakotaka yenyewe. Leo Uwanja wa Nyamagana una nyasi bandia. Mtoto wa mchangani akipelekwa kwenye majaribio juu ya nyasi za namna hiyo, pasi zake zote zinapitiliza, na watu wanasema hajui. Anajua, ila hajazoea ile kasi. Mtafutie walau siku chache za kuzoea kabla ya majaribio, na viatu viwe vya meno mafupi na mengi. Daluga za meno marefu zinang'ang'ania kwenye nyasi bandia, na goti ndilo linalolipa.

Jambo lingine ni runinga. Sisi tulikua na redio, mtangazaji wa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) anakuchorea winga anavyokata kona, mengine unamalizia kichwani. Watoto wetu wanaona kila kitu kwenye vibanda umiza, wanawajua wachezaji wa Uingereza kwa majina na bei, lakini kamera inafuata mpira, wasio nao hawaonekani wanavyosogea. Mpeleke mwanao Uwanja wa Kirumba, mkalishe juu kabisa jukwaani, mpe kazi moja: mpira ukiwa upande wa kulia, amtazame beki wa kushoto tu. Anasogea wapi? Anaongea na nani? Dakika ishirini za hivyo zinamfaa kuliko jioni nzima kibandani. (Na kibandani kuna mikeka ya kubeti. Hilo nalo lisisahaulike.)

Pesa sasa. Zamani timu nyingi zilikuwa za mashirika ya umma, mfano Reli ya Morogoro. Mchezaji alikuwa na ajira, goti likigoma anabaki na kazi yake. Hata hapa kwetu Pamba, TP Lindanda ya ujana wetu, imerudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji, baada ya zaidi ya miaka 20 nje, na mpira inaoukuta ni wa mikataba. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, chenye tarehe ya kweli. Wale wa kumpunguzia mtoto miaka waepuke: FIFA ilianza kupima umri kwa kupiga picha za MRI za mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009.

Akija mtu na suti kukwambia atampeleka mwanao wa miaka 15 Ulaya, ujue hivi: kanuni za FIFA haziruhusu kumhamisha mchezaji kwenda nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Na kabla ya umri huo, mkataba wa kulipwa hauzidi miaka mitatu. Muulize anatumia kifungu gani. Akianza kuzungumzia ada ya viza, mpe maji anywe, kisha umsindikize hadi stendi.