Ukiambiwa "dawa ya deni ni kulipa"

Simama sokoni na karatasi za kukusanya saini za kudai nchi maskini zifutiwe madeni, na jibu la kwanza utakalopewa ni hilo. Nilikutana nalo Morogoro mwaka 1999, tulipokuwa tukizunguka sokoni na kwenye nyumba za ibada kwa ajili ya kampeni ya Jubilee 2000. Aliyelisema kwa ukali kuliko wote ni mama mmoja muuza dagaa. Yeye mwenyewe alikuwa na mkopo, na alikuwa anaulipa.

Mtu kama huyo usimhubirie. Ana haki kabisa ya kuuliza kwa nini serikali isamehewe wakati yeye anajinyima ili alipe. Na wewe muulize: nani alikopa, alikopa kwa ajili ya nini, na leo hela inakwenda kwa nani? Mabilioni ya dola yaache kwanza, hayamgusi mtu. Chukua deni moja tu, ulifuate tangu lilipoanza.

Siku hizi mimi nasimulia la Zambia. Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia ili inunue matrekta na zana nyingine za kilimo. Zambia ikashindwa kulipa. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Donegal International, iliyosajiliwa kwenye visiwa vya Virgin vya Uingereza, ikalinunua deni hilo kutoka Romania kwa dola zisizozidi milioni 4. Kisha ikaishtaki Zambia London, ikidai dola milioni 55! Mwaka 2007 mahakama iliamuru ilipwe zaidi ya dola milioni 15. Wakati huo Zambia ilikuwa imetoka tu kusamehewa madeni na wakopeshaji wengine, na fedha hizo zilitakiwa ziende kwenye elimu na afya. Msimulie hivyo mtu anayeamini kulipa, halafu nyamaza umsikilize. Wengi huomba kalamu wenyewe.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo usilikwepe: zikisamehewa, hela zitaliwa na nani? Usiahidi usichoweza kukilinda. Taja kilichoonekana. Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa HIPC, ule wa nchi maskini zenye madeni makubwa, Novemba 2001, na ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka huo huo. Watoto waliokuwa wanakaa nyumbani wakaandikishwa, wakajazana madarasani kuliko madawati yaliyokuwepo. Michango haikuisha, hilo nalo liseme.

Na useme kwamba kusamehewa peke yake hakutoshi. Zambia ile ile ilishindwa tena kulipa wadai wake Novemba 2020. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila fomu ya saini iwe na dai la pili: mikataba ya mikopo iwekwe wazi na ipite bungeni kabla haijasainiwa. Waangalie Msumbiji. Kampuni za serikali zilikopa takriban dola bilioni 2 kati ya 2013 na 2014, serikali ikaweka dhamana bila idhini ya bunge, na sehemu kubwa ikafichwa hadi 2016. Asasi za kiraia hazikunyamaza, zikapeleka shauri Baraza la Katiba, na mwaka 2019 baraza hilo likabatilisha mkopo wa Ematum, kampuni ya uvuvi wa jodari.

Kama unasoma haya ukiwa Uingereza, una kazi ambayo sisi huku hatuiwezi. Mikataba mingi ya nchi maskini na wakopeshaji binafsi inafuata sheria ya Uingereza. Mwaka 2010 bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzuia kesi kama ile ya Donegal, lakini inagusa madeni ya zamani tu ya nchi za HIPC, si hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, zinazouzwa leo. Mwandikie mbunge wa jimbo lako barua, umtajie kesi ya Zambia, umuulize atafanya nini ili sheria hiyo ipanuliwe. Asipojibu, mfuate ofisini kwake jimboni siku anayopokea wananchi.