Walevi kwenye viwanja vya besiboli Marekani: nimeuza hiyo bia, ngoja niseme

Mleta mada, umeuliza kama ni salama kuwapeleka wanao kwenye mechi ya besiboli mtakapokwenda kwa dada yako Marekani, maana umeona ile video ya walevi wanatwangana ngumi jukwaani huku watoto wanalia. Mchangiaji mmoja hapo juu amekujibu kwamba Wamarekani ndivyo walivyo, pombe na besiboli ni mila yao. Sikubaliani naye hata kidogo. Nimeuza bia kwenye uwanja wa timu ya ligi kuu kwa misimu kadhaa, na fujo nilizoziona zilianzia kwenye kaunta kabla ya kufika jukwaani.

Kwanza elewa mchezo wenyewe. Besiboli haina dakika 90. Ni ininga 9, yaani raundi ambazo timu hupokezana kupiga mpira, na hakuna kipenga cha kumaliza, mechi inakwisha inapokwisha. Kila timu ina mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani, kwa hiyo karibu kila wiki ya kiangazi kuna watu uwanjani. Kati ya tukio na tukio kuna kusubiri kwingi, jua linawaka, na muuzaji anakufuata mpaka kwenye kiti chako. Wengi wameshaanza kupiga mtungi kwenye maegesho kabla geti halijafunguliwa. Ikifika ininga ya 6, mtu ambaye hajala kitu ameshalewa chakari, na jirani yake naye hivyo hivyo, tena amevaa jezi ya wapinzani.

Siku ya kwanza ya mafunzo, mwalimu wetu alitusimulia kisa cha mji wa Cleveland, Juni 4, 1974. Timu ya nyumbani ilikuwa inataka kujaza viti, ikatangaza bia senti 10 badala ya senti 65. Uliruhusiwa glasi 6 kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyehesabu umerudi kwenye foleni mara ngapi. Walikuja watu 25,134. Wageni walikuwa Texas Rangers, na timu hizo zilikuwa zimepigana wiki moja tu kabla kule Texas, kwa hiyo watu walikuja na visasi vyao tayari. Mapema tu wakaanza kuvamia uwanja, mmoja uchi wa mnyama. Wachezaji wakarushiwa fataki. Ininga ya 9 Cleveland wakasawazisha, 5-5, na wakawa na mtu aliyebakiza kidogo tu afunge pointi ya ushindi. Mechi ilikuwa mikononi mwao!

Hapo shabiki akaruka ndani kumpora kofia Jeff Burroughs wa Rangers. Burroughs akajikwaa akaanguka. Kocha wake, Billy Martin, akadhani kijana wake ameangushwa, akatoka mbio na wachezaji wake wakiwa wameshika magongo. Wakajikuta wamezingirwa na umati wa walevi, wengine wana visu, minyororo na vipande vya viti walivyovibomoa. Aliyewaokoa ni kocha wa Cleveland, Ken Aspromonte: aliwaamuru wachezaji wake nao wachukue magongo wakawalinde wapinzani wao dhidi ya mashabiki wa nyumbani. Mwamuzi, Nestor Chylak, naye akiwa ameumizwa, akavunja mechi na kuwapa Rangers ushindi.

Sasa naomba yule ndugu wa mila anijibu: watu wa Cleveland walipata mila gani usiku ule ambayo hawakuwa nayo wiki iliyotangulia? Kilichobadilika ni bei ya bia, na hakukuwa na mtu wa kusema basi.

Sisi tulikuwa na masharti. Bia mbili kwa mtu mmoja kila anapokuja, kitambulisho hata kama ana mvi, na ikifika ininga ya 7 kaunta inafungwa. Juu ya hayo, ukimwona mtu amezidiwa humuuzii, na katika majimbo mengi ukimuuzia naye akaenda kudhuru watu, mwuzaji anaweza kushtakiwa. Na kumjua mtu aliyezidiwa si kazi ngumu. Nilikuwa naangalia mkono kwenye kadi ya benki: anaichomeka kichwa chini, anaitoa, anaichomeka tena vilevile. Naangalia na wenzake, wakianza kumshika bega ili asimame wima, huyo hapati kitu kwangu. Unamwambia kwa upole, kaka, chukua maji kwanza, kaa kidogo utarudi. Wengi wanakubali, tena wengine wanashukuru.

Shida inakuja pale foleni inaporefuka. Msimamizi wangu mmoja alikuja nyuma yangu akaniambia muuzie huyo, watu wanasubiri. Nilikataa. Akanihamishia kwenye soseji, na kijana aliyeshika nafasi yangu akamuuzia. Baadaye nilimwona yule mteja akishushwa ngazi na walinzi wanne. Safu ya chini yake alikuwepo mtoto wa kama miaka minane, amelowa bia kuanzia kofia mpaka glovu, anamuuliza baba yake kama mechi imekwisha. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu lilizuilika, na lingegharimu chupa moja ya maji.

Na lisipozuiliwa, watu wanaumia kweli. Machi 31, 2011, siku ya ufunguzi wa msimu Dodger Stadium, uwanja wa timu ya Dodgers kule Los Angeles, Bryan Stow, shabiki wa wapinzani wao Giants, alipigwa kwenye maegesho mpaka akapata madhara makubwa ya ubongo. Mwaka 2014 mahakama ilisema klabu ya Dodgers nayo ilibeba sehemu ya lawama. Sisemi kila ubaya unatoka kwenye glasi. Adam Jones, mchezaji mweusi, alitukanwa kwa rangi yake Fenway Park, uwanja wa Boston, mwezi Mei 2017, na ubaguzi mtu anakuja nao kutoka nyumbani. Lakini usiku uliofuata uwanja huohuo ulisimama kumpigia makofi, na mimi hao ndio ninaowaita watu wa besiboli.

Kinachonikera zaidi ni cha mwaka 2023. Ligi iliweka saa ya kumharakisha mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, mechi zikashuka kutoka wastani wa saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40. Ni mabadiliko mazuri kwa mchezo. Lakini baadhi ya klabu, Milwaukee na Texas zikiwemo, zikaona zimepunjwa muda wa kuuza, zikasogeza mwisho wa bia hadi ininga ya 8. Matt Strahm, wakati huo mrushaji wa Phillies, timu ya Philadelphia, alilipinga hadharani: kaunta ilikuwa inafungwa ininga ya 7 ili watu wapate muda wa kulevuka kabla ya kushika usukani, sasa mechi imekuwa fupi na nyie mnauza mpaka karibu na mwisho? Kwa hesabu yake, ingefaa kurudi ininga ya 6. Nakubaliana naye asilimia mia.

Kwa hiyo mkuu, wapeleke. Chagua mechi ya mchana, Jumapili ikiwezekana, ndiyo siku familia zinajaa. Epuka mabenchi ya bei nafuu nyuma ya uwanja, na uulize kabla ya kununua tiketi kama kuna sehemu isiyoruhusu pombe, baadhi ya viwanja vinayo. Mkishakaa, tafuta namba ya kutuma ujumbe kwa walinzi. Mara nyingi inaonyeshwa kwenye ubao mkubwa. Itumie mapema, jirani akianza tu kupayuka, usingoje ngumi. Nilikuwa naona walinzi wakifika haraka, na anayelalamikiwa hajui nani kamsema.

Dada yako anakaa mji gani? Ukiutaja nitakueleza viti vya upande gani ununue.